Kuangalia Si Bure

Kuna sentensi moja ambayo imeua magari mengi Migori kuliko mashimo ya barabara. Ni hii: "Fundi, hebu angalia tu."

Sumu iko kwenye hilo "tu". Ukimwambia mtu aangalie tu, umemwambia kwamba macho yake hayana bei. Miaka thelathini aliyokaa chini ya magari, mgongo kwenye mafuta, unaihesabu kama salamu. Sasa niambie, mtu ambaye macho yake hayana bei atakula wapi? Atakula kwenye spea. Atakuuzia kitu. Lazima akuuzie kitu, kwa sababu ile bidhaa ya kwanza aliyokuwa nayo, kujua gari lako linaumwa nini, umekataa kuinunua.

Halafu unarudi nyumbani ukilalamika kwamba mafundi wa siku hizi ni wezi.

Nitaongea kuhusu klachi, kwa sababu klachi ndiyo iliyonifunza haya, na ilinifunza kwa pesa za watu wengine.

Baba yangu ana Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti. Huku kwetu hakuna anayesema Peugeot. Ni Pijo. Kama umezaliwa juzi na unaijua kwa picha tu, wacha nikupe sifa zake kwa ufupi. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na ikawa Gari la Mwaka la Ulaya la 1969. Mwaka 1975 Ove Andersson aliishindia Safari Rally, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na ile kupe ya V6. Kakake, 404, alikuwa ameshalitwaa taji hilo mapema, mara mbili mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, 1966 na 1967. Wafaransa waliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, lakini Mombasa waliendelea kuziunganisha miaka mingi baada ya hapo. Kabla Probox haijawa mfalme wa barabara zetu, ukisema unasafiri "na Pijo" kila mtu alikuelewa.

Nairobi, gari la umri huu lina Jumapili yake. Linapakwa nta, linapelekwa Ngong Racecourse kwenye Africa Concours d'Elegance, na waamuzi wanainama kuchungulia boneti wakitoa alama. Huku, gari la umri huu lina Jumatatu. La kwetu lilibeba abiria na beseni za samaki kutoka Sori hadi Migori mjini, na hiyo ndiyo ilikuwa karo, unga na kila kitu.

Mwaka 2021 lilianza kuruka. Ukiachia klachi kwenye gia ya kwanza, gari zima lilitetemeka kutoka usukani hadi beseni za nyuma, kisha likatulia na kwenda kama vile hakuna kilichotokea. Mwanzoni ilikuwa kidogo. Baada ya wiki mbili, abiria walianza kushika viti wakicheka. Baada ya mwezi hawakucheka tena, walipanda Probox.

Mzee akalipeleka gereji moja. Sitaitaja jina, na haina haja, kwa sababu zote zinafanana. Alifika akasema ile sentensi: "Fundi, hebu angalia tu, gari inaruka." Fundi aliendesha mita hamsini, akarudi, akazima. "Klachi imeisha. Weka mpya." Klachi kiti Sh19,000, kazi Sh4,000. Giaboksi ikashushwa, mpya ikawekwa, gari likatoka laini kama siagi.

Wiki sita baadaye likaanza kuruka tena.

"Hiyo ilikuwa feki," fundi akasema, kana kwamba si yeye aliyetutuma dukani. "Weka orijino." Mara ya pili ikawa Sh27,000 kila kitu. Piga hesabu mwenyewe: elfu hamsini. Muhula huo mimi nilikuwa na deni la karo la Sh34,000. Sisemi klachi ndiyo iliyonitoa chuoni, maana chuo kilikuwa na njia zake nyingi za kunitoa. Nasema tu kwamba mwaka huo pesa ya familia ilishushwa pamoja na giaboksi mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyeuliza kwa nini.

Na miezi miwili baada ya ile orijino, gari likaruka.

Hapo ndipo mtu alimwelekeza Mzee kwa fundi mmoja wa zamani, upande wa barabara ya kwenda Isebania. Kila mtu anamwita Jaduong', kwa umri wake na kwa heshima. Nilikuwa nimerudi nyumbani wakati huo, "kwa muda", kama tulivyokuwa tukiambia majirani. Nilienda naye.

Mzee akasema kama kawaida: "Jaduong', hebu angalia tu."

Jaduong' akafuta mikono. "Kuangalia ni mia tano."

Mimi namjua baba yangu. Niliona shingo yake ikikaza. "Nilipe mtu kuangalia? Hata spana hujashika?"

"Basi usilipe," Jaduong' akasema bila hasira yoyote. "Na mimi nisiangalie. Tubaki marafiki."

Mzee alilipa. Alilipa kwa sababu alikuwa amechoka. Hekima haikuhusika hapo.

Sasa sikiliza mia tano ilinunua nini. Kwanza ilinunua maswali. Inaruka asubuhi tu au siku nzima? Ikiwa tupu au ikiwa na mzigo? Mbele tu, au hata rivasi? Ukiwa tayari unaenda, ukitoka gia ya tatu kuingia ya nne, unasikia? Na ile klachi mpya, ilianza kuruka siku ya kwanza au ilichukua muda?

Yule wa kwanza hakuuliza hata moja, na kila moja lina kazi yake. Gari linaloruka asubuhi tu, likipata joto linaacha, mara nyingi lina unyevu au kutu nyepesi iliyoshika usiku kwenye vyuma vya klachi. Linaloanza kuruka likishapata moto linakufanya uishuku flaiwili. Linaloruka tangu siku ile ile klachi mpya ilipowekwa linakwambia utazame ufungaji, au kitu kingine kabisa ambacho hakikuguswa. Lakini klachi iliyokaa vizuri wiki sita kisha ikaharibika polepole, na ya pili ikafuata njia ile ile, hiyo imeshatoa ushahidi. Jaduong' aliniangalia akasema, "Nyathina, dawa mpya ikirudia ugonjwa wa zamani, mgonjwa si huyo uliyekuwa unamtibu."

Kama hujui klachi ni nini, ni hivi. Kuna flaiwili, chuma kizito cha mviringo kinachozunguka na injini. Kuna presha pleti inayobana. Katikati yao kuna klachi pleti, sahani yenye ngozi ngumu pande zote mbili, iliyokaa kwenye shafti ya giaboksi. Ukikanyaga, sahani inaachiwa. Ukiachia polepole, inabanwa: inateleza kidogo, inashika zaidi, mwisho inashika kabisa. Gari linalotetemeka ni gari ambalo sahani yake inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Au ni gari ambalo sahani inashika vizuri tu, ila kilichobeba injini kimelegea, na kila kitu kinacheza. Dereva kwenye kiti anasikia kitu kile kile. Ndiyo maana "inaruka" ni malalamiko ya mteja. Ugonjwa wenyewe bado haujatajwa.

Jaduong' alianza na vya bei rahisi, vile ambavyo havihitaji kushusha chochote. Alisikiliza injini ikiwa imesimama, maana silinda moja ikikosa moto nayo hutetemesha gari, na ukabadilisha klachi kwa kosa la plagi. Injini ilikuwa sawa. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akavuta handbreki, akafungua boneti, akatuambia tusisimame mbele wala nyuma ya gari. Akamwambia Mzee atie gia ya kwanza na aachie klachi kidogo tu hadi injini ianze kuvuta, kisha rivasi vivyo hivyo. Yeye alikuwa pembeni akitazama injini inavyonyanyuka. Mauntini ikiwa imekatika, injini inaruka kwenye kitanda chake kama mtoto aliyeota ndoto mbaya. Ya kwetu ilijisogeza kidogo ikatulia. Mauntini ni nzima.

Akaangalia mafuta ya klachi, akakanyaga pedali mara kadhaa kusikia kama kuna hewa. Akalala chini akatikisa kila kinachoweza kutikisika, kutoka giaboksi hadi difu. Vyote vizima.

Nilianza kuona aibu kwa niaba yake. Mtu amelipwa mia tano na kila anachogusa ni kizima. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kila "kizima" kilikuwa kinatuokolea pesa.

Kisha akaingiza kidole kwenye tundu lililo chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na giaboksi. Kikatoka kimelowa. Akavuta stiki ya injini: mafuta yako pale pale yanapotakiwa. Akafungua nati ya pembeni ya giaboksi, ambapo mafuta yakitosha huanza kuchuruzika. Hakuna kilichotoka. Alibaki amelala pale chini akitungoja tufikirie wenyewe.

Giaboksi ilikuwa inavujia klachi. Tone kwa tone, wiki kwa wiki, sili ya mbele ya giaboksi ilikuwa inailowesha kila sahani mpya tuliyonunua.

"Sasa," akasema, "sasa ndiyo tunaweza kushusha."

Aliposhusha, sahani ya orijino ilikuwa inang'aa kama sufuria ya chapati. Alipitisha ukucha kwenye flaiwili kutafuta nyufa, akatafuta madoa ya buluu ya kuungua, akaweka rula ya chuma juu yake kuona kama imepinda. Akatazama vidole vya presha pleti kama vimelingana. Akateleza sahani kwenye shafti kuona kama haikwami. Ile sili alipoichomoa ilikuwa imekauka kama mfupa. Bei yake dukani: Sh400.

Sh400. Giaboksi ilikuwa imeshushwa mara mbili. Mara mbili mtu alikuwa na ile sili mbele ya pua yake, akaipita, akafunga.

Kuna jambo jingine nililoliona, na hili halihusu pesa. Kule gereji ya kwanza walipofungua klachi, kijana alichukua hewa ya kompresa akapuliza vumbi. Lilijaa kote. Vijana wengine walikuwa wanakula mandazi hatua mbili kutoka hapo. Jaduong' alipangusa kwa kitambaa kilicholowa maji, akakitupa. Ngozi za klachi na breki za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kuijua kwa macho. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na saratani inayoletwa nalo inaweza kuja miaka ishirini au arobaini baadaye, wakati hakuna atakayekumbuka Pijo ya mtu wa Migori. Kwa hiyo asiyeangalia hali pesa zako peke yake. Anakula na mapafu ya kijana anayemshikia tochi.

Sasa turudi kwa lawama, maana sikuja hapa kusifu mzee mmoja.

Ni rahisi kumtukana yule fundi wa kwanza. Nimemtukana vya kutosha. Lakini hebu kaa kwenye viatu vyake. Angemwambia Mzee: "Nipe saa moja nitafute chanzo, na saa hiyo unailipa," Mzee angeondoka. Najua angeondoka, nimekuonyesha shingo yake. Angeenda gereji ya jirani ambako kuangalia ni bure na jibu linapatikana kwa mita hamsini. Fundi anayechunguza anakosa mteja, fundi anayebahatisha anapata kamisheni ya spea pamoja na pesa ya kazi, na bahati yake ikikataa anapata tena mwezi ujao. Sisi wenyewe tumepanga bei hivyo. Tumetia ubahatishaji mshahara, na uchunguzi tumeunyima hata chai. Kisha tunashangaa kwamba wabahatishaji wameongezeka.

Usiniambie Wakenya hawawezi kulipia uchunguzi. Tunalipa! Mwenye gari la kisasa anapelekwa kwa kijana mwenye mashine, inachomekwa chini ya usukani, inatoa kodi kwenye skrini, na analipa elfu moja au mbili bila kunung'unika. Anaita hiyo "diagnosis", na anaitamka vizuri. Kumbe shida si kulipia kujua. Shida ni kulipia kujua kunakotoka kwenye kichwa cha mtu aliyevaa ovaroli. Ikiwa na skrini ni sayansi, ikiwa na macho mekundu na kucha nyeusi ni "angalia tu". Na kichekesho ni kwamba mashine hiyo isingeiona klachi yetu hata siku moja. Pijo ya Mzee haina pa kuichomekea. Na hata kwenye gari la jana, hakuna kihisio kinachotoa kodi ya sahani iliyolowa mafuta. Bado inahitaji kidole kwenye tundu.

Najua kidogo kuhusu hili kwa sababu na mimi naishi kwa macho. Naandika na kuhariri kwa vibarua, na kila wiki simu inalia: "Hebu nipitishie macho tu hii proposal." Mtu huyo huyo atalipa kuprinti, atalipa kubaindi, atalipa boda kuipeleka Homa Bay kabla ya saa kumi. Vyote hivyo vinashikika. Kuona kwamba ukurasa wa tatu unapingana na wa saba hakushikiki, kwa hiyo ni urafiki.

Kuna watakaosema: uza hilo gogo kwa wa vyuma chakavu, nunua Probox, yaishe. Sawa. Probox nayo ina klachi. Mazoea ya kubadilisha bila kuuliza utahama nayo kwenye gari jipya kama kunguni kwenye godoro.

Na kuna watakaosema: nikilipa ya kuangalia, si fundi atachukua hiyo mia tano na bado anidanganye? Anaweza. Ndiyo maana ukilipa, dai unachostahili. Dai akuonyeshe kwa macho yako. Dai akutajie si tu alichokipata bali pia alivyoviondoa kwenye orodha, na kwa nini. Giaboksi ikishushwa, uwe pale, na ile spea ya zamani iingie mkononi mwako. Asiyeweza kukuonyesha hajaangalia. Lakini huwezi kudai chochote kwenye kazi uliyosema mwenyewe kwamba ni bure.

Hili la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote. Jaduong' ana vijana wawili wanaojifunza kwake. Nilimwuliza mmoja kama amejifunza kusikiliza injini na kupanga maswali kama mzee. Alicheka. "Hiyo haina doo," akasema. "Mimi nataka nifungue duka la spea." Siwezi kumlaumu. Yuko pale kila siku, anaona pesa inatoka mfukoni mwa mteja lini na kwa ajili ya nini. Mwanafunzi hujifunza kile kinacholipwa, hata kama mwalimu anafundisha kingine. Jaduong' ana zaidi ya miaka sabini. Siku atakapolala, hatutakuwa tumekosa spea hata moja Migori, maduka yamejaa. Tutakuwa tumekosa mtu wa kutuambia ni ipi tusinunue.

Pijo bado inaenda. Tulinunua sahani ya tatu, kwa sababu ngozi iliyokunywa mafuta haiponi, hata uipige msasa na uioshe kwa petroli namna gani. Na ile sili ya Sh400. Ni miaka kadhaa sasa, na inapanda kutoka darajani ikiwa imejaa bila kutikisa hata beseni.

Mwezi uliopita taa za nyuma zilianza kuzima ovyo. Nilikuwa kwenye kiti cha abiria Mzee alipoegesha kwa fundi wa umeme, kijana ambaye hatukumjua. Kijana akainama dirishani, tayari kutaja bei ya waya. Mzee akamkatiza.

"Kuangalia ni ngapi?"

Kijana hakuelewa swali. Ilibidi Mzee amrudie mara mbili.